Nani Kalitengeneza Kabati la Bibi?

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali, kisha nikueleze lilikotoka. Mtu akikuomba uandike uongo mdogo juu ya kitu kisicho na roho, uongo ambao hautamwaga damu wala kumfukuza mtu kazi, na uongo huo ukamwezekea bibi yako nyumba, utaukataa? Usikimbilie kujibu. Mimi nilikimbilia, na mbio zile ndizo zilizonileta kwenye kurasa hizi.

Naishi Segese. Asiyepajua apande gari Kahama, aelekee upande wa migodi, na vumbi litampokea kabla ya watu. Alfajiri makarasha yanaanza kusaga mawe. Vijana wanapita na viroba mabegani, nyuso zimejaa unga mpaka kwenye kope. Mama ntilie wanakopesha chai kwa ahadi ya mawe ambayo bado yako chini ya ardhi. Mimi nina kibanda cha kutoa kopi karibu na soko, na humo naandika maneno ya watu wengine: mikataba ya maduara, maombi ya kazi, barua za posa, malalamiko ya viwanja. Watu wanasema naandika vizuri. Lakini jina langu halimo kwenye karatasi hata moja. Usiku nikishafunga, ndipo naandika vyangu.

Kwa bibi yangu kuna kabati la vitabu. Limenizidi kimo. Juu lina milango miwili ya vioo, katikati droo mbili, chini milango miwili ya mbao. Ukingo wake wa juu umechongwa kama wimbi. Ukivuta droo utaona pembe zake zimeumana kwa meno ya mbao, bila msumari hata mmoja, na mpaka leo huwezi kuingiza wembe katikati. Rangi yake imekuwa kama chai ya rangi iliyolala. Kioo kimoja kina ufa. Ufa huo ni wa mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, kabati lilipohamishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe na watu wakaambiwa wafanye haraka.

Ndani yake mna maisha yetu yote. Vikombe vya wageni, kadi za kliniki za watoto waliokwisha kuwa na wajukuu, risiti za pamba, na kwenye rafu ya juu vitabu vya kisomo ambavyo bibi alijifunzia kusoma miaka ya 1970, vitabu vya kufundisha herufi na kilimo cha pamba kwa pamoja. Siku hizi rafu mbili ni zangu. Nilianza kupenda vitabu kwa sababu ya kabati lile. Nilidhani kitu kinachokaa nyuma ya kioo lazima kiwe kitamu.

Basi siku moja akaja jamaa. Sitamtaja. Ni mmoja wa wale wanaozunguka mikoani kununua vitu vya zamani: viti vya kimila, redio za mbao, saa za ukutani. Alimsalimia bibi kwa adabu, "Shikamoo bibi," akapewa kigoda na maji. Kisha akasimama mbele ya kabati, akavuta droo, akapitisha kidole kwenye meno ya pembe, akapiga picha kwa simu. Hakusema kitu mpaka nilipomsindikiza nje.

"Dogo, mnajua mmekaa na mali humo ndani?"

"Mali gani, kaka?"

"Lile ni mahogani. Kazi ya Mwingereza. Mtindo wa Chippendale ule."

Nikacheka. "Kaka, lile alilitengeneza babu yangu. Na mbao zake ni mninga."

Akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Najua ni mninga. Mimi si mtoto. Lakini mteja wangu wa Dar hanunui mbao, ananunua hadithi. Wewe si ndiye unayewaandikia watu pale sokoni? Niandikie karatasi moja tu. Kabati lilikuja kwa meli kutoka Uingereza, likakaa kwa mzungu wa mgodi wa Geita, mzungu alipoondoka akamwachia babu yako zawadi. Bibi aweke dole gumba. Milioni moja na laki nane, pesa mkononi. Bila karatasi, laki tatu, na hapo nakuonea huruma."

"Bibi hatumii dole gumba," nikamwambia. "Anajua kuandika."

"Safi sana. Basi asaini."

Hebu sasa nikueleze hadithi ya kweli, uone ilivyo jirani na ile ya uongo. Babu alikwenda Geita kijana, miaka ya 1950. Mgodi wa wakati ule ulianza kutoa dhahabu miaka ya 1930 na ukafungwa mwaka 1966. Palikuwa na mji mzima pale, na mji unahitaji milango, madirisha, meza na majeneza. Babu alijifunza useremala kwa kushika taa, kisha kwa kushika msasa, kisha kwa kushika randa. Siku moja aliitwa nyumbani kwa mzungu kutengeneza mguu wa kabati uliovunjika. Alikaa nalo siku mbili, akalipima kwa kamba, kila upande, akafunga mafundo kwenye kamba kwa kila kipimo. Mafundo yale ndiyo yaliyokuwa mchoro wake.

Mwaka 1965 mzungu mwingine, aliyeiona kazi yake, akamwagiza kabati kama lile. Akalipa nusu. Babu akatafuta mninga, akaukausha, akafanya kazi miezi. Mgodi ulipofungwa, yule bwana aliondoka bila kulichukua kabati wala kuaga. Babu alibaki nalo kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake. Akalipakia kwenye lori, akarudi nalo huku. Kwa hiyo ni kweli: kabati lina mzungu ndani yake. Ila mzungu huyo hakulileta. Alilikimbia.

Nakiri, milioni moja na laki nane zilinizungusha kichwa. Nyumba ya bibi inavuja. Fundi alishasema yanahitajika mabati 40 na mbao za kenchi. Mimi na kibanda changu cha kopi, dili kama lile tungelipata wapi tena? Nikamwambia jamaa anipe siku tatu. Katika siku hizo tatu nikaamua nimjue huyu Chippendale ambaye jina lake linaweza kuzidisha bei ya kazi ya babu yangu mara sita.

Nilichokisoma kilinishangaza. Thomas Chippendale alizaliwa Otley, katika jimbo la Yorkshire, mwaka 1718. Alikuwa mtoto wa seremala. Akaenda London, akafungua karakana, na mwaka 1754 akatoa kitabu cha michoro ya samani. Kitabu hicho ndicho kilichomfanya mkubwa. Mafundi wengine walikinunua na kutengeneza kwa michoro yake, wengine mbali sana na London, kwa hiyo kitu kinaweza kuitwa cha mtindo wa Chippendale bila yeye kukitia machoni. Kingine ni hiki: hakuwa na desturi ya kupiga muhuri kazi zake, tofauti na akina Gillow wa Lancaster ambao baadaye walichapa jina lao kwenye mbao. Anayetaka kuthibitisha kwamba kiti fulani kilitoka kwa Chippendale hulazimika kutafuta karatasi: hati ya malipo, barua, orodha ya vitu vya nyumba. Yaani jamaa yangu mnunuzi alikuwa anaijua kazi yake. Alikuwa anataka ile ile karatasi.

Na barua zake nyingine zinachekesha na kuhuzunisha. Ziko zilizohifadhiwa alizomwandikia tajiri wa nyumba ya Nostell, Sir Rowland Winn, akidai pesa zake. Fundi mkubwa wa Uingereza anabembeleza alipwe! Nilipoisoma habari hiyo nikamwona babu, na ile nusu yake iliyokwenda na meli.

Lakini kuna jambo lililonikaa zaidi. Mwaka 1755 karakana ya Chippendale iliungua, na gazeti la wakati ule liliandika kwamba ndani yake yaliteketea masanduku ya zana ya wafanyakazi 22. Masanduku 22! Ina maana kulikuwa na watu 22 waliokwenda kazini asubuhi wakakuta patasi zao zimeyeyuka na randa zao zimekuwa majivu. Gazeti halikuwataja majina. Wao ndio waliokuwa wanapiga randa na kuchonga, na jina moja likawafunika wote kama turubai.

Nikaenda mbele zaidi, kwenye mbao zenyewe. Mahogani ya Kiingereza, ndugu msomaji, haioti Uingereza. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru kwa mbao zilizotoka kwenye makoloni yake ya Amerika, na tangu hapo mahogani ikaanza kumiminika kutoka Jamaika, na baadaye kutoka pwani ya Honduras, nchi inayoitwa Belize leo. Waliokata miti ile walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Kati yao alikuwepo mtu mmoja wa pekee, mtafutaji. Kazi yake ilikuwa kupanda mti mrefu kuliko yote msituni, mwezi wa nane hivi, majani ya mahogani yanapogeuka rangi, na kuuangalia msitu mzima mpaka aone wapi miti imesimama. Kisha hushuka na kuwaongoza wenzake moja kwa moja, bila dira, bila ramani. Utaalamu ulioje huo! Mpaka leo bendera ya Belize, tangu uhuru wa mwaka 1981, ina picha ya wakata miti wawili na mti wa mahogani. Picha ipo. Majina ya wale waliopanda juu ya miti hayamo kwenye hati ya mauzo.

Na samani zenyewe zilikwenda wapi? Kazi kubwa kuliko zote aliyopata Chippendale ilikuwa ya nyumba ya Harewood, huko huko Yorkshire, mali ya ukoo wa Lascelles. Ukoo huo ulitajirika kwa sukari na biashara ya watumwa katika visiwa vya Karibi. Basi mtumwa alikata mti, jasho la mtumwa mwingine likanunua kabati, na kabati likasimama ukumbini liking'aa, na wageni wakauliza: nani kalitengeneza? Wakajibiwa jina moja.

Nilipofika hapo nikajiona nimepata jawabu. Nikajisemea: uongo anaoutaka jamaa huyu si mdogo. Ni ule ule wa zamani, unatafuta mtu mwingine wa kufunika. Zamani jina la Mwingereza liliwafunika watumwa na vibarua. Leo linataka kumfunika babu yangu, na safari hii mwandishi wa kulifunikia ni mimi, mjukuu wake.

Nilijaribu kujipinga, maana kijiweni nimezoea kubishana. Mshikaji mmoja angeniambia: babu yako amekufa, hasikii, unamlinda nani? Kweli, hasikii. Lakini sisi wenyewe tunaishi kama watu ambao marehemu wanatudai. Tunawapa watoto majina yao. Mtu akifa tunauliza nani alikuwa anamdai na yeye alikuwa anamdai nani, na tunalipa pale pale msibani. Kama deni la fedha halifi na mtu, kwa nini deni la jina life?

Mwingine angesema: kabati ni lile lile, mbao ni zile zile, bei ni ujinga wa matajiri, waache walipe. Hoja hii ina nguvu, na hapa Segese ina nguvu zaidi, maana tunaishi kwa kitu kisicho na kumbukumbu. Dhahabu ikishayeyushwa haina jina. Ya duara lililofukia mtu na ya duara la heri zinalala kwenye mzani mmoja, na mnunuzi haulizi nani alishuka, alishuka na kamba gani. Tumezoea hivyo mpaka tunadhani vitu vyote viko hivyo. Lakini mbao hazijayeyushwa. Ukilala chini ya kabati la bibi na tochi utaona ubaoni mikwaruzo ya msumeno, mmoja baada ya mwingine, mahali ambapo randa haikufika kwa sababu hakuna ambaye angetazama. Pale mkono wa mtu bado upo. Kuandika kwamba mkono ule ulikuwa wa London ni sawa na kumtoa mtu nje ya nyumba aliyoijenga.

Basi siku ya tatu jamaa aliporudi, nikamsubiri kibandani kwangu, nikamwambia hapana. Nikamwambia na sababu, kwa kirefu; nilimtajia mpaka yale masanduku 22. Alinisikiliza huku akitafuna kijiti. Mwishoni akasema, "Dogo, una akili nyingi na suruali moja." Akawasha pikipiki. Watu waliokuwa wanasubiri kopi walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni nilijiona shujaa.

Jioni nikaenda kumsimulia bibi. Nilimkuta anachambua choroko uani. Nilisimulia kwa mbwembwe. Alikuwa anatabasamu mwanzoni, kisha akaacha kuchambua.

"Alisema ngapi?"

"Milioni moja na laki nane, bibi."

"Na wewe ukamwambia hapana."

"Ndiyo."

"Kabati ni la nani, mume wangu?"

Bibi huniita mume wangu kwa utani, kama bibi wengine wote. Siku ile haukuwa utani. Nikajibu, "Ni lako, bibi."

"Paa linamvujia nani?"

Sikujibu.

"Umemlipa babu yako kwa mabati yangu," akasema. Akarudi kwenye choroko zake.

Wenzangu, mimi nimesoma insha nyingi juu ya ukweli. Hakuna iliyonipiga kama sentensi ile. Nilikaa pale kwenye kigoda nikiwa sina hata neno moja, mimi ninayelipwa kwa maneno. Maana alisema kweli tupu. Kukataa kwangu hakukunigharimu hata senti tano. Kitanda changu hakilowi. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda changu kikavu, nikatoa hotuba juu ya haki ya marehemu, na hati ya malipo nikamwachia kikongwe bila hata kumwonyesha.

Halafu baada ya kitambo, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Na hata hivyo, unamjua aliyelitengeneza?"

"Babu."

"Babu yako alikuwa na mikono mingapi? Msumeno ule mkubwa unavutwa na mtu mmoja?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lilikuwa ndani ya nyumba yetu siku zote. Mbao za kabati hazikutoka dukani. Gogo la mninga liliwekwa juu ya jukwaa la miti, na msumeno wa watu wawili ukapita katikati. Mmoja husimama juu ya gogo. Huyo huongoza mstari, na huyo ndiye anayeitwa fundi. Mwingine husimama chini. Huyo huvuta na kula vumbi. Na vumbi la mninga si vumbi la kuchezea, huwasha pua na macho. Aliyesimama juu alikuwa babu. Aliyesimama chini alikuwa mdogo wake bibi, kijana wa miaka 16, aliyefuata shemeji yake Geita kutafuta maisha. Alivuta msumeno siku kumi na mbili kwa ajili ya kabati lile. Hakulipwa, kwa sababu ile nusu iliyokuja ilinunua vioo na bawaba, na ile nusu yake ilikuwa kwenye ile nusu nyingine ambayo haikuja. "Macho yake yalikuwa mekundu mpaka tunamzika," bibi akasema. Akalitaja jina lake. Sikuwahi kulisikia jina lile maishani mwangu.

Unaona, ndugu msomaji? Mimi niliyemlaumu Chippendale kwa masanduku 22, nilikuwa na sanduku langu mwenyewe. Nilikuwa nimemtetea babu dhidi ya Mwingereza kwa njia ile ile ambayo Mwingereza aliwafunika watu wake: nilichukua kazi ya wengi nikaipa jina moja, kwa sababu jina hilo lilikuwa langu.

Siku mbili bibi hakuniambia neno zaidi ya salamu. Siku ya tatu alinituma niteremshe vile vitabu vya kisomo. Akafungua kimoja, akanionyesha ukurasa wa mwisho, mahali alipojaribu jina lake kwa penseli mara nyingi, herufi zikipanda na kushuka kama mbuzi kilimani. Akasema, "Nilijifunza kuandika jina hili nikiwa na watoto wanne. Mchana shamba la pamba, jioni darasani, mtoto mgongoni. Unadhani ningeliweka chini ya uongo wa yule mtu? Nisingeliweka. Lakini ungeniuliza."

Ungeniuliza. Hilo ndilo swali langu lote, na nimelizungusha kichwani miezi sasa. Tunafundishwa kwamba ukweli ni mzuri na uongo ni mbaya, na tunaishia hapo. Hatufundishwi kwamba ukweli nao una bei, na kwamba mara nyingi anayeusema si yeye anayeilipa. Mwandishi anafichua siri za kijiji chake, anapigiwa makofi mjini, na mama yake ndiye anayekosa wa kumteka maji. Sisemi kwa hiyo tunyamaze. La hasha! Nasema kwamba aliyeamua kusema kweli aangalie kwanza mzigo wa kweli hiyo unaangukia bega la nani. Kama ni bega la mwingine, amwulize. Na akishasema, asimame naye chini ya mzigo.

Kuwataja waliofanya kazi ni deni, sibadilishi neno hilo. Hapa kwetu mafundi mbao wa leo wanashinda wakikata magogo ya matimba, yale yanayoshikilia kuta za duara zisiwafukie watu. Hakuna atakayeyapiga picha matimba. Yanaoza gizani, na mtu anayepanda juu salama jioni hajui nani aliyakata. Mninga wenyewe sasa ni wa kutafuta kwa tochi; Shinyanga tulifyeka sana, mpaka mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI wa kurudisha miti, na wazee wakaelimishana tena kutunza ngitili. Kabati kama la bibi huenda halitatengenezwa tena Segese. Ndiyo maana nataka majina yawepo. Lakini sitaki tena kuyalipia kwa mfuko wa mwingine.

Nimefanya mambo mawili, na yote ni madogo. La kwanza, nimeandika karatasi. Bibi alinitajia, mimi nikaandika, kisha akaikagua mstari kwa mstari kwa miwani yake. Inasema kabati lilitengenezwa Geita mwaka 1965 na 1966, kwa mninga, kwa kufuata umbo la kabati la Kiingereza, kwa agizo la mteja ambaye hakumaliza kulipa. Inamtaja aliyekuwa juu ya msumeno na aliyekuwa chini. Wale waliouangusha mti na kulivuta gogo mpaka barabarani bibi hawakumbuki. Tumeandika kwamba walikuwepo. Majina sikuyaweka hapa gazetini kwa sababu bibi amesema mahali pake ni kwenye droo, na safari hii nilimwuliza kabla. Chini ya karatasi amesaini. Mkono wake umetetemeka kidogo, lakini jina linasomeka.

La pili, mabati. Nimepandisha bei ya kopi kwa shilingi 50, nimeacha soda na nimeacha kamari ya mpira, na kila mwisho wa mwezi nanunua ninayoweza. Jamaa wa vitu vya zamani alipita tena juzi. Nilimwonyesha ile karatasi. Aliisoma yote, akairudia pale kwenye msumeno, akanirudishia, akasema laki tatu ni zile zile. Nikamwambia akaongee na mwenye kabati. Walikaa uani muda mrefu, sikuwaingilia. Alipoondoka, kabati lilikuwa bado ndani.

Mpaka leo yamepanda mabati 11. Yamebaki 29, na mvua za Novemba haziko mbali.